Mnyama wa Udongo na Mkono wa Baba

Kwanza mnisamehe mwandiko. Shule yangu iliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeshika spana mara nyingi kuliko kalamu. Herufi zangu zinalala upande, na herufi h huwa inanisumbua, naiacha inapotakiwa na kuiweka isipohitajika. Naandika polepole pia. Nikimaliza mstari mmoja napumzika, kwa sababu mkono unachoka na kwa sababu huwa naitwa katikati. Mkikuta neno limekaa vibaya, lisomeni kwa huruma, mwende na linalofuata.

Nataka kuwaeleza habari za mnyama mmoja wa kwenye filamu ya zamani, na habari za mkono wa kushoto wa baba yangu. Nimejaribu kuzitenganisha nimeshindwa.

Tunaishi Tunduma, juu kidogo ya barabara kuu, mahali ambapo malori hupanga foleni yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Ukikaa kwetu unazoea. Usiposikia injini unahisi kuna jambo baya limetokea. Baba alikuwa fundi wa springi za malori. Springi ya lori si kitu cha mchezo, inahitaji mtu mwenye mabega, na baba alikuwa nayo. Mama alitangulia nikiwa bado shuleni, tukabaki watatu: baba, dada yangu na mimi.

Asubuhi moja baba aliingia chini ya lori akashindwa kutoka. Wenzake walidhani anatania, kwa maana alikuwa na utani. Walimwita, wakamtukana kidogo kama mafundi wanavyotukanana, mwisho wakamvuta kwa miguu. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mkono wa kushoto na mguu wa kushoto havikuwa na habari naye tena. Hospitalini kule Vwawa wakasema ni kiharusi.

Tangu siku hiyo kazi yangu ni baba. Dada hawezi kumwogesha baba yake, si desturi, kwa hiyo namwogesha mimi. Namgeuza kitandani, namkalisha, namvalisha suruali. Mtu mzito asiyejisaidia upande mmoja ni mzito kuliko gunia, kwa sababu gunia halioni haya. Maji nayachota bombani asubuhi, nayapasha moto, nayamwaga, nachota mengine. Jioni mgongo wangu ni kama umepigwa.

Pale Vwawa kulikuwa na mama mmoja wa mazoezi aliyenifundisha namna ya kuushika ule mkono. Shika kiwiko, shika kifundo, inua kidogo, shusha. Fungua vidole kimoja kimoja. Mwache ajaribu mwenyewe. Fanya kila siku, alisema, hata siku ambayo huoni faida yoyote. Hizo siku za kutoona faida ndizo zilikuwa nyingi.

"Unapampu tairi, wewe?" baba alikuwa ananiambia, maneno yakitoka kwa shida upande mmoja wa mdomo. "Acha. Tairi limepasuka hilo."

Mimi nikaendelea kupampu.

Sasa niwaeleze jambo la makofi, maana wengine mnaosoma mnatoka mbali. Kwetu mgeni wa heshima akija, anachuchumaa mlangoni na kupiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito, si kali kama ya kushangilia. Mwenye nyumba naye anamjibu kwa makofi. Ndipo maneno yanaanza. Kwa wakwe ndiyo zaidi. Mkwe asiyejibiwa makofi anajua hatakiwi, hata ukimpikia jogoo.

Dada yangu alikuwa na mchumba upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa watu ambao lugha yetu na yao ni moja. Barua ya posa ilikuwa imeshapokelewa kabla baba hajaugua. Kilichobaki ni wakwe kuja rasmi kukaa na baba. Mshenga wao alikuja mara ya kwanza, baba akajigeuza ukutani. "Mwambieni nimelala." Akaja mara ya pili. "Mwambieni nimelala." Mzee yule alikaa kwenye benchi letu la nje akitazama malori, kisha akaaga vizuri, lakini uso wake tuliuona. Baadaye tukasikia kule Nakonde wanasema baba amepata mkwe mwingine mwenye malori na anaona haya kuwaambia.

Baba hakuwa na mkwe mwingine. Alikuwa hana mkono wa kupigia makofi, basi.

Dada hakulia mbele yangu. Alikuwa anafua tu. Alifua hata mapazia yaliyokuwa safi.

Jumapili akitoka kanisani alikuwa ananifukuza nyumbani. "Nenda kaone watu. Utaota ukungu humu ndani." Mimi watu siwawezi. Nikiwa katikati yao ulimi unakuwa mzito, nasahau hata mtaa ninaokaa. Kwa hiyo nilikuwa naenda kibanda umiza, pale wanapoonyesha filamu, kwa sababu mle ni giza na kila mtu anatazama mbele.

Siku moja mwenye kibanda aliweka filamu ya zamani sana, rangi zimepauka kama kitenge kilichoanikwa mwaka mzima. Benchi zilijaa madereva na utingo waliochoka na foleni. Katika filamu ile kulikuwa na ziwa, na katika ziwa akatoka mnyama. Alikuwa na mwili wa kenge, pembe moja puani, na kimo cha mnara wa simu. Lakini hakutembea kama wanyama wa filamu za siku hizi, wale wanaotiririka kama maji. Alitembea kwa kukatakata. Aliinua mguu, akawa kama anafikiri, akausogeza, akafikiri tena, akauweka. Hata aliposimama hakutulia. Ngozi yake ilikuwa inachezacheza yenyewe, mkia unatikisika bila sababu.

Kibanda kizima kilicheka.

"Huyo betri zimekwisha!" utingo mmoja alipiga kelele.

"Ana malaria huyo. Mpeni mseto."

"Wapi! Amekaa foleni ya Tunduma wiki nzima, magoti yamekaza."

Hiyo ya foleni iliwaua. Dereva mmoja alicheka mpaka akapaliwa na karanga, wakampiga mgongoni.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwonea huruma, na huruma yenyewe ilinishangaza. Wale wanyama wa kisasa wakipigwa mizinga sijali, najua hawana uzito. Huyu kila hatua ilikuwa kama ameitafuta. Wanajeshi walipomjeruhi bega, aligeuza kichwa polepole, akaliangalia jeraha, akaligusa kwa mkono wa pili kama anauliza, wewe vipi? Nikasema moyoni, huyu namjua. Hivyo ndivyo baba anavyoutazama mkono wake akidhani simwoni.

Filamu ilipoisha watu wakatoka kwa kusukumana. Mimi hutoka wa mwisho siku zote, sipendi kubanwa mlangoni na watu wanaosalimia. Kwa hiyo nikaona ambacho wengine hawakukiona. Mwenye kibanda alikuwa nje akizungumza na mtu, sahani ya filamu ikaendelea kuzunguka, ikaja sehemu ndogo ya mwisho. Alionekana mzee mmoja wa kizungu, amekunja mikono ya shati, amesimama mbele ya meza. Juu ya meza alikuwa yule mnyama. Kimo chake hakizidi chupa ya soda. Mzee akaugusa mguu, akausogeza kidogo sana, akatoka pembeni, picha ikapigwa. Akarudi. Akagusa mkia, akagusa mguu, akatoka. Akarudi. Hakuwa na haraka wala hakuonekana kufurahi. Alionekana amechoka, kama mtu aliye katikati ya kazi ya siku nyingi. Ndipo nikaelewa ile ngozi ilikuwa inachezacheza kwa sababu gani. Zilikuwa alama za vidole vyake. Kila alipomshika, magamba yalilala kidogo, na kwenye picha ikaonekana kama mnyama anapumua.

Nilitembea kurudi nyumbani bila kuona barabara. Mtu mzima mwenye mvi anainua mguu wa mdoli, anaushusha, anauinua, siku nzima, na jioni mnyama amepiga hatua moja. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani mwenye kazi ya namna hiyo.

Wiki hiyo nikaanza kutengeneza wangu. Mifupa niliitengeneza kwa waya uliokuwa kwenye sanduku la vifaa vya baba. Udongo nilichukua kwa wafyatua matofali, bondeni. Udongo mtupu ulipasuka nilipokunja waya, basi nikauchanganya na grisi ya kopo la baba, ile aliyokuwa anapaka springi, ukawa laini na mweusi. Mgongoni nikamvika kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Alitoka mbaya, hafanani na kenge wala ng'ombe. Lakini nilipomweka dirishani, nikamsogeza kidogo, nikampiga picha kwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka, nikamsogeza tena, kisha nikazipitisha picha haraka kwa kidole gumba, alitembea. Alichechemea, lakini alitembea. Nilikaa chini sakafuni. Sikumwambia mtu. Ningesema nini?

Nilikuwa nafanya hivyo baba akilala mchana. Hatua moja, picha, hatua moja, picha. Siku nyingine usingizi ulinichukua nimeushika mguu wake.

Wakati huo dada alimtumia ujumbe shangazi yetu wa Msangano, ndugu wa pekee wa baba, aje amshawishi kaka yake aonane na wakwe. Shangazi alikuja juu ya lori la mpunga, mwili wote vumbi, na gunia la mchele la kwetu. Ni mama wa kanisa, sauti yake inatangulia kufika. Alimwamkia baba, akalia kidogo, akafuta machozi, akaanza kufagia. Shangazi hawezi kukaa kwenye nyumba ambayo hajaifagia mwenyewe. Akafagia sebule, akafagia kwa baba, akafika kwangu.

Nilikuwa nje nikianika shuka. Nikasikia kimya, na shangazi akinyamaza ujue kuna neno.

Akatoka amemshika mnyama wangu kwa kitambaa, kama mtu anavyoshika panya aliyekufa.

"Hiki ni nini?"

Nikaikamua tena shuka iliyokwisha kukamuliwa. 

"Nakuuliza, baba. Hiki ni nini?" Shangazi huniita baba akiwa ananipenda, na akiwa amekasirika vilevile.

Jamani, tazameni ilivyokuwa. Mdoli wa udongo, umepakwa grisi ya fundi aliyepooza, una waya wa sanduku lake ndani ya mwili, umefichwa chini ya kitanda cha mtoto wake. Na mkono mmoja haukuwepo. Ulikuwa umevunjika juzi yake, nilikuwa sijautengeneza. Mkono wa kushoto.

Dada alitoka jikoni. "Shangazi, si mdoli tu huo?"

"Mdoli? Mdoli una mkono mmoja? Upande uleule?" Akamgeuza mnyama, waya ukachungulia begani. "Nimeokoka mimi, lakini sijawa mjinga. Grisi ya kaka yangu naijua harufu. Nimeishi nayo toka ujana wake."

"Ni... ni wa..." nikasema.

"Ni wa nani? Nani amekupa? Sema! Ulimi umeenda wapi?"

Majirani walishaanza kusimama kwenye ua wao, mmoja ameshika sufuria lenye povu. Pale nilijua nikishindwa kusema, nimekwisha. Kwetu jambo hilo likishatamkwa halifutiki, litakufuata bombani na kanisani, na dada yangu ndiye angeolewa nalo. Nani Nakonde angechukua mke kwenye nyumba ambayo kijana anamfunga baba yake kwenye udongo? Lakini kadiri nilivyolijua hilo ndivyo maneno yalivyozidi kunikimbia. Ningeweza kubeba gunia mpaka Chitete kwa miguu, lakini sentensi moja sikuiweza.

Sauti ikatoka ndani. "Mleteni huku."

Ilikuwa ya baba. Tukaingia wote. Shangazi akamweka mnyama kwenye stuli mbali na kitanda. "Kaka, usimguse. Tutamwita mchungaji."

Baba alimtazama mnyama, akanitazama mimi. Hakuuliza. Nadhani alijua kuniuliza ni kunifunga ulimi zaidi. Nikatoa simu mfukoni, nikapiga magoti kando yake, nikaziweka picha mwanzo, nikazipitisha kwa kidole. Mnyama akatoka upande wa kushoto wa dirisha. Akainua mguu, akafikiri, akausogeza, akafikiri, akauweka. Akageuza kichwa. Akaendelea kuchechemea mpaka upande wa pili, akaishia hapo ambapo mkono ulivunjika.

Baba akaguna. Kisha kifua chake kikaanza kutikisika, nikaogopa, nikadhani kiharusi kimerudi. Kumbe anacheka. Hakuwa amecheka tangu atolewe chini ya lori, na mdomo wake ulikuwa haujui tena njia, ukacheka nusu.

"Anatembea kama mimi," akasema.

"Kaka, picha zinaweza..."

"Anatembea kama mimi, wewe dada. Mtazame. Mchawi gani atapoteza grisi yote hiyo kwa kitu kibaya namna hii?"

Shangazi akachukua simu, akaitazama kwa mbali, akaisogeza karibu. Akapitisha yeye mwenyewe, kidole chake kikavuka picha nyingi, mnyama akaruka chumba kizima. Akashtuka. Akarudia polepole. Mwisho akasema, "Sasa mbona usiseme, mtoto wewe? Ungeniua kwa presha." Akaenda mlangoni, akawapungia majirani kitambaa kilekile. "Rudini mkapike! Ni mchezo wa kitoto!" Mimi sikuwa mtoto, lakini siku hiyo nililipokea neno hilo kwa moyo wote.

Baba hakuyarudisha macho ukutani jioni ile. Aliomba mnyama aletwe kwenye godoro. Akasema bega limekaa ovyo, waya unatakiwa kupigwa fundo ndipo udongo ushike. Akaushika waya kwa mkono mzima, akaniambia nishike mwisho wa pili. "Si wewe," akasema. "Ushikishe huo." Nikavifungua vidole vya mkono wa kushoto, nikauweka waya katikati, nikavifunga juu yake. Ukaponyoka. Nikaviweka tena. Ukaponyoka. Tuliutengeneza mkono wa mnyama kwa siku kadhaa, na mtu mwenye mikono miwili angeumaliza kabla chai haijapoa.

Hapo ndipo wazo lilinijia, wala sikulifikiri sana, nilikuwa nimechoka mno kufikiri. Kila asubuhi baada ya mazoezi baba alikuwa anajaribu kuinua mkono mwenyewe. Nikaiegemeza simu kwenye kopo la grisi juu ya stuli, mahali pamoja kila siku, nikapiga picha moja. Ukutani nyuma yake kuna msumari ambao zamani alikuwa anatundika koti la kazi. Mkono ulikuwa mbali na msumari kama Vwawa na mbingu.

"Haujapanda," baba alikuwa anasema.

"Haujapanda," nilikuwa naitikia, maana haukuwa umepanda. Kweli hatukuona kitu. Masika yakaingia, koti la baridi likatolewa, baba akaugua mafua, tukarudi nyuma. Kuna asubuhi nilitamani kuacha. Kuna asubuhi nilipiga picha macho yamefumba.

Kisha Jumapili moja, shangazi akiwa amekuja tena, baba akasema, "Onyesha ile." Alikuwa anataka ile ya mnyama. Nikaziweka zile picha za asubuhi, ya kwanza mpaka ya mwisho, nikapitisha kidole.

Shati la baba lilibadilika kila mara kama kinyonga. Mwanga wa dirishani ukawaka, ukazimika. Kichwa kilitikisika, blanketi likachezacheza lenyewe. Na katikati ya fujo hiyo yote mkono ulikuwa unatoka gotini. Ulipanda kidogo, ukafikiri, ukashuka wakati wa mafua, ukapanda tena, mpaka ukafika juu ya tumbo, vidole vimefunguka nusu.



"Rudisha," baba akasema.

Nikarudisha.

"Tena."

Nilirudisha mpaka kidole gumba kikauma. Shangazi alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga. Baba alikuwa anauangalia mkono wa kwenye simu, halafu ule wa kwenye mwili, kama anawatambulisha. Mwisho akamwambia dada, "Mwambie mshenga aje."

Walikuja mchana, wakwe watatu wamevaa makoti, na mshenga mbele. Baba nilikuwa nimemnyoa, nimemkalisha kwenye kiti chenye mikono, mito pande zote. Asubuhi shangazi alikuwa amemshauri, "Kaka, piga paja kwa mkono mzima. Watakuelewa, ni watu wazima."

"Paja si mkono," baba akajibu.

Mshenga akachuchumaa mlangoni, na wenzake nyuma yake. Wakapiga makofi yao mazito ya taratibu, wakanyamaza, wakasubiri. Dada alikuwa amesimama nyuma ya pazia la jikoni, niliziona ndala zake chini.

Baba aliutazama mkono wa kushoto. Ukakaa. Nikataka kwenda kuunyanyua kama kila siku, lakini akanikata kwa jicho. Ukatikisika. Kidole cha shahada kikafunguka, kikafuatiwa na cha kati. Ukanyanyuka kidogo gotini, ukasimama hewani ukitetemeka, kama unafikiri, ukasogea. Mkono wa kulia ulikuwa umeshafika, unasubiri mbele ya kifua kama mtu anayemsubiri mwenzake njiani. Wa kushoto ukaanguka nusu. Nje lori likapiga honi, hakuna aliyegeuka. Ukapanda tena. Ukafika.

Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, kama kitambaa kilicholowa kimedondoka sakafuni. Akarudia. Ikatoka ndogo vilevile.

Mshenga alikuwa na haki ya kujibu haraka, aingie, akae, miguu yake ni ya mzee na alikuwa amechuchumaa muda mrefu. Hakufanya haraka. Alimjibu baba kwa mwendo wa baba, kofi moja, akasubiri, kofi jingine.

"Mwaiseni mukwai," baba akasema. Karibuni, waheshimiwa.

Walipokaa, mshenga akafuta jasho akasema, "Mkwe, sisi tulidhani mlango wenu umepigiliwa misumari."

"Mlango ulikuwa mzima," baba akajibu polepole. "Bawaba ndizo zilikuwa zinapakwa grisi."

Wakacheka, baba akacheka nusu yake, na nyuma ya pazia ndala zikaondoka kwenda kupakua mchele.

Dada sasa yuko Nakonde. Ameolewa vizuri, anavuka kuja kutuona akipata nafasi, lakini kazi zake zote zimehamia kwangu, na nyumba sikujua kama ni kubwa hivi. Baba anashika kikombe kisicho na kitu. Kikiwa na chai bado anamwaga. Mguu ni mgumu kuliko mkono. Picha ya asubuhi tunapiga bado, na msumari uko palepale ukutani, hatujaufikia, na siku nyingine nadhani hatutaufikia. Nimechoka, nisiwadanganye. Nikiinama kumvua viatu natamani nilale hapohapo chini.

Mnyama wangu yuko dirishani. Kiangazi hiki kimemkausha, ana nyufa shingoni na pale begani tulipotengeneza. Naongeza grisi, anameza, anapasuka tena, na kopo linakaribia kwisha.

Kwa hiyo ninyi mliosoma mpaka hapa nina ombi. Kama yupo anayejua cha kuchanganya na udongo ili usipasuke, aniandikie. Kama yupo aliyemuuguza mtu wa kiharusi, aniandikie mkono wa mtu wake uliishia wapi, na ulichukua muda gani, hata kama haukupanda. Na kama umewahi kuwaona wale wanyama wa zamani wanaotembea kwa kukatakata, uniambie wewe ulimpenda yupi na kwa nini hukucheka. Nitamsomea baba. Nitajibu pia, ila polepole. Msiogope mwandiko mbaya, wangu mmeshauona.